Mgombea wa Bomba la Makaburini

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na sehemu yake ya mwisho ndiyo iliyomshinda Kararaina Tuhoro. Jina aliandika. Anwani aliandika. Alitia saini kwamba anaishi ndani ya Kata ya Mashariki ya jiji la Pukerata na kwamba anagombea udiwani kwa hiari yake. Kisha ikaja sehemu iliyosema: "Wasifu wa mgombea, usizidi maneno mia moja na hamsini." Hapo kalamu ilisimama Jumatatu, na Alhamisi ilikuwa bado imesimama. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa saa sita mchana.

Si kwamba hakuwa na la kuandika. Ana miaka sitini na minne, na yote ameiishi hapo hapo, upande wa mto ambao barabara zake zilitiwa lami mwisho. Shida ni kwamba kwao, Wamaori, mtu hajisemi. Akisimama mbele za watu huanza na mlima, kisha mto, kisha mtumbwi uliowaleta wahenga wake kisiwani, kisha nyumba ya mikutano ya ukoo. Huwasalimu wafu, halafu wenyeji wake. Akibaki na pumzi, hutaja wazazi wake. Yeye mwenyewe atasemwa na wengine, na mara nyingi watangoja mpaka awe kwenye jeneza.

"Soma nisikie," alisema Huhana.

Huhana ni dada wa marehemu mume wake. Alikuja Pukerata kutoka kusini akiwa na miaka ishirini, kumfuata kaka yake kwenye kiwanda cha nyama, akasema atakaa msimu mmoja. Sasa alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni ya Kararaina, mwiko mkononi, tayari kuhesabu maneno kwa kugonga.

Kararaina alisoma. Mwiko uligonga. Mlima, mto, mtumbwi, nyumba, wafu.

"Mia mbili na sita," Huhana alisema. "Na wewe mwenyewe hujafika. Uko wapi, wifi? Nimekutafuta mtumbwini sikukuona."

"Nitapunguza."

"Punguza mlima."

"Mlima haupunguzwi."

"Basi mto. Wenyewe siku hizi umepungua bila kuombwa."

"Huhana."

"Haya, hao wafu..." Huhana alianza, akaona uso wa mwenzake, akaurudisha mwiko kwenye chungu. "Sijasema kitu."

Kararaina alichukua kalamu na kupunguza alipoweza. Alikata miaka kumi na saba ya kusimama kwenye mstari wa kiwanda cha nyama, kisu mkononi na maji ya baridi miguuni, mpaka siku kiwanda kilipofungwa. Alikata miaka ishirini na miwili ya jiko la shule ya msingi. Watoto wake watatu walipita kwa neno moja, "mama." Jiko la marae, uwanja wa ukoo kando ya mto, ambalo ameliongoza tangu mama yake aliposhindwa kusimama, hakulitaja kabisa, kwa sababu jiko si la mtu mmoja. Mstari wa mwisho hakuugusa: "Naomba kura yenu ili bomba la maji lirudishwe kwenye lango la makaburi ya jiji."

Mwiko ukagonga tena. Maneno mia moja arobaini na tisa.

"Limebaki moja," alisema Huhana. "Weka 'asante,' watajua angalau kuna mtu aliyeandika."

*

Bomba lenyewe lilikuwa kitu kidogo: nguzo ya zege iliyofika kiunoni, koki ya shaba na karai chini yake. Watu wa Kararaina hawaondoki makaburini kabla ya kunawa. Maji hurushwa kichwani, hupitishwa mikononi, na kilicho cha wafu hubaki upande wa wafu. Asiyenawa hupeleka msiba kwenye gari, kwenye chakula, kwenye vichwa vya watoto. Makaburi ya ukoo yalipojaa na mto ulipoanza kula ukingo wake, watu wa upande ule walianza kuzika kwenye makaburi ya jiji, na hawakulalamika sana kwa sababu langoni kulikuwa na bomba.

Wakati wa kiangazi kikali bomba lilionekana linavuja. Kamati ya Miundombinu ya halmashauri ikaamua liondolewe mpaka ifanyike tathmini. Mvua zilirudi, tathmini haikuja.

Rongo, mume wa Kararaina, alizikwa mwezi wa Novemba. Ndugu zake walisafiri kutoka kusini, feri na mabasi mawili. Walipotoka kaburini walifika langoni wakakuta bomba lililokatwa, limefunikwa kifuniko cha plastiki cheusi. Kararaina alikuwa katikati ya watu, amevaa nyeusi na taji la majani ya kawakawa ya maombolezo kichwani, na mfiwa hagusi kazi yoyote. Akamwona Mzee Eruera, baba mdogo wa Rongo, mwenye miaka themanini na sita, amesimama pale lango linapoanzia, anaiangalia mikono yake miwili kana kwamba amepewa kitu asichojua pa kukiweka.

Mtu alikimbia kituo cha mafuta, akarudi na chupa kumi za maji ya kunywa. Zilizungushwa kwa matone. Wageni wale hawakusema neno, si pale, si mezani, si walipoaga. Kama wangesema ingekuwa nafuu.

Kwa hiyo aliapa mambo mawili. La kwanza, kwamba mwaka mmoja baadaye, siku ya kufunua jiwe la kaburi, watu walewale wakirudi watakuta maji langoni. La pili hakulisema kwa sauti, alilifanya tu. Kila asubuhi husoma matangazo ya vifo gazetini. Kukiwa na maziko, awe ni nani, wa kabila lolote, hujaza chupa nne za lita mbili zilizokuwa za juisi, lebo zimebanduliwa kwa maji ya moto, akazipanga kando ya nguzo ya lango, na baada ya maziko huzifuata.

Jiji lilizizoea chupa hizo haraka. Wazungu wakazitumia kujaza vyombo vya maua. Mzee mmoja alizitumia kusafisha miguu ya mbwa wake. Baada ya miezi minne, msomaji aliandika barua gazetini kuishukuru halmashauri kwa ubunifu wake. Kararaina aliikata barua ile akaibandika kwenye friji.

"Unaibandika?" Huhana aliuliza. "Mimi ningeijibu. Wasingeichapa, lakini ningeijibu."

"Ameandika vizuri. Ana heshima."

"Anawashukuru wezi wa bomba kwa chupa zako!"

"Mradi watu wananawa."

Alikwenda ofisi za halmashauri mara tano. Kila mara kijana mpole wa kaunta alimpa namba mpya ya ombi. Mara ya tano alitoka na kukaa kwenye gari bila kuliwasha, na Huhana, aliyekuwa kiti cha abiria akila mkate wa kukaanga kutoka kwenye mfuko wa karatasi, alimaliza kutafuna kwanza.

"Wanaoamua wanakaa kwenye meza, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi nenda kaikalie meza. Umekalia vitu vibaya zaidi."

*

Anayetaka kumjua Kararaina Tuhoro lazima aingie jikoni, maana mbele ya nyumba hatamkuta. Aliingia kwenye jiko la marae akiwa na miaka kumi na mmoja, akapewa ndoo ya viazi na kisu kisicho na mpini. Leo mabasi ya wageni yakipinda kona ya daraja, huyatazama jinsi yalivyolalia magurudumu akasema ni viazi vitamu vingapi vya kumenya. Huwa hakosei kwa zaidi ya sahani tano. Hapazi sauti. Akitaka kitu kifanyike, huanza kukifanya mwenyewe polepole mpaka aliye karibu aone aibu.

Na watu wa jiji lake anawajua kwa namna ya ajabu kidogo. Pukerata, kila penye shughuli, watu huja na chakula, na kila chombo hubandikwa chini utepe wenye jina la mwenyewe ili kisipotee. Kwa miaka hamsini na zaidi Kararaina ameosha vyombo vya jiji zima, akavigeuza na kusoma majina. Anajua ni familia gani huleta bakuli lilelile lenye ufa, nani alianza kuandika jina lake peke yake baada ya talaka, nani ameacha kuja. Na kwake hakuna chombo kinachorudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Hata iwe andazi moja, kitu lazima kiwemo.

*

Mkutano wa wagombea ulifanyika jioni kwenye ukumbi wa kilabu cha wazee wanaocheza tufe kwenye nyasi. Wagombea saba, viti vitatu. Mwenyekiti alikuwa Bibi Lorraine Hatch, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye kengele ndogo ya shaba aliyoitumia shuleni. Kila mgombea alipewa dakika tatu.

Graeme Pascoe alizungumza wa pili. Ni diwani wa vipindi viwili, muuza mbao, mwenyekiti wa Kamati ya Miundombinu, mtu asiye na ubaya ambaye hupenda kusema "vipaumbele." Alimaliza sekunde kumi kabla ya kengele.

Kararaina alikuwa amemwahidi Huhana kwamba angeanza na yeye mwenyewe. Alikuwa ameiandika sentensi hiyo kwenye kiganja: "Mimi naitwa Kararaina na nimewapikia watoto wenu." Alisimama. Kisha akaona safu ya mbele wamekaa wazee wa marae, makoti yamefungwa vifungo vyote, wamekuja mapema kwa ajili yake. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri ambaye angesimama mbele ya watu wale akaanza na jina lake.

Akausalimu mlima. Akausalimu mto. Alipofika kwa wafu, hakuwasalimu kwa jumla kama watu wanavyofanya wakiwa na haraka. Aliwataja wa mwaka ule, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa tarehe walizozikwa: Wamaori, Wazungu, mwenye duka la viatu kutoka Gujarati, mtoto wa wiki mbili wa mtaa wa kiwandani. Aliwajua wote, kwa kuwa alibeba maji ya kila mmoja. Alimtaja Joyce Hatch, dada wa mwenyekiti. Alimtaja Leonard Pascoe, baba wa diwani. Bibi Hatch alitazama saa yake, akatazama kengele, akangoja zaidi ya haki, kisha akaigonga kidogo sana.

Kararaina alikuwa bado yuko mwezi wa Julai.

"Samahani," alisema, akakaa.

Alijua amejiharibia. Aliangalia kiganja chake, sentensi ilikuwa imelowa jasho na kuwa doa la buluu. Alifikiria Novemba, na mabasi mawili, na mikono ya Mzee Eruera.

Wakati wa maswali, mtu mmoja nyuma alisimama. Hakuwa mkorofi. "Bibi Tuhoro, nimesoma wasifu wako kwenye kijitabu cha wagombea, na leo nimekusikiliza. Kuna mlima, kuna mto, kuna bomba. Lakini bado sijui wewe ni nani."

Kararaina alisimama. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake kinywani mwake lingekuwa utovu wa adabu.

Dirisha la jikoni, lile la kupitishia chai, lilifunguliwa kwa kishindo.

"Nitakwambia mimi," alisema Huhana, taulo la vyombo begani. "Huyu ni wifi yangu, kwa bahati mbaya."

Kengele ililia. "Wagombea tu, tafadhali."

"Piga tu, Bibi Hatch, mimi sigombei. Huyu alipoolewa na kaka yangu tulidhani ni bubu. Miezi mitatu anatuoshea vyombo hasemi neno. Mama alipokuja kututembelea akasema mwacheni, labda ana matatizo."

"Huhana, funga dirisha," alisema Kararaina.

"Mnaona? Akisema neno, ni amri. Huko jikoni ni mnyapara. Hawezi kuimba. Anaendesha gari kama amebeba mayai. Lakini wewe mwenye swali, watoto wako walisoma shule ya msingi ya hapa?"

"Wawili," alisema yule mtu.

"Walishawahi kusahau chakula nyumbani?"

"Walisahau kila siku."

"Walirudi na njaa?"

Mtu yule alifikiri. "Hapana."

"Droo ya chini, kushoto kwa jiko la shule. Ulidhani mikate inajiotea humo? Miaka ishirini na miwili." Kengele ililia tena, kwa unyonge. "Namaliza. Na zile chupa langoni pa makaburi, zile mnazojazia maua yenu. Mkaandika na barua ya shukrani gazetini. Nani mnadhani anazibeba?"

Watu waligeuka kumtazama Kararaina.

"Hata leo asubuhi," alisema Huhana. "Leo, siku ya mkutano wake. Alikuwa anazikwa mtu ambaye hata simjui." Akafunga dirisha.

Mwanamke mmoja wa safu ya tatu ndiye aliyeanza. "Lakini mimi nilidhani ni chupa za halmashauri."

"Mimi pia," alisema Graeme Pascoe.

Ilichukua sekunde mbili kwa watu kukumbuka yeye ni nani kwenye halmashauri. Kisha kicheko kikalipuka, na Pascoe, masikio mekundu, akacheka nao kwa sababu hakuwa na la kufanya lingine. Kararaina peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia dirisha lililofungwa kama mtu aliyevuliwa koti hadharani.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kararaina alipunguza mwendo darajani.

"Umeniaibisha."

"Najua," alisema Huhana. "Ungengoja ufe ndipo nikuseme, lakini uchaguzi ni wiki ijayo."

*

Alipata kiti cha tatu, kwa tofauti ya kura ishirini na sita. Aliapishwa akiwa amevaa koti la kijani la Huhana, lililombana mabega. Kwenye kikao cha kwanza hoja ya bomba ilikuwa ya kumi na nne. Ofisa wa mipango alieleza kwa adabu kwamba isingeweza kupigiwa kura kabla ya Februari, kwa kuwa ingehitaji ripoti.

"Ripoti ya nini?" aliuliza Diwani Tuhoro.

"Ya kuonyesha kama kuna uhitaji."

Pascoe aliunga mkono hoja, akaomba iharakishwe. Ikaharakishwa hadi mwishoni mwa Januari.

Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya Novemba ilifika, na langoni pa makaburi kifuniko cheusi cha plastiki kilikuwa bado pale. Kararaina aliamka alfajiri akajaza chupa zote alizokuwa nazo, kumi na sita, kwa wageni mia mbili. Alipiga hesabu ya maji kwa kila mtu akaona ni matone yaleyale ya mwaka uliopita. Safari hii angesimama mbele ya Mzee Eruera akiwa diwani, na matone.

"Sura hiyo ibadilishe," Huhana alimwambia kwenye gari. "Wafu watadhani ni wao wamekukosea."

Gari lilipinda kuingia makaburini, likapunguza mwendo, likasimama kabla ya kufika langoni.

Pande zote mbili za lango, kando ya ukuta, kulikuwa na vyombo vimepangwa. Chupa za juisi, chupa za maziwa, madumu ya kambini, jagi la kioo lenye kitambaa cha shanga juu yake, ndoo ya mtoto ya kuchezea mchanga, sufuria ya supu yenye mfuniko. Vyote vimejaa maji. Tangazo la kufunua jiwe lilikuwa limetoka gazetini Jumatano, kama yatokavyo yote, na kumbe si yeye peke yake aliyeyasoma.

Kararaina alishuka. Hakulia. Alifanya alichofanya maisha yake yote mbele ya chombo: alikiinua cha kwanza, akatazama chini. Utepe, na jina. Akainua cha pili. Utepe. Sufuria ya supu ilikuwa ya Bibi Hatch. Dumu lilikuwa la yule mtu mwenye swali, maana chini ya jina lake ameongeza, "Wawili." Mwisho wa mstari palikuwa na kopo la kijani la kumwagilia bustani, shingo ndefu, na chini yake: "L. Pascoe," mwandiko wa mzee, wino umefifia.

Mabasi yakaja. Jiwe lilifunuliwa, nyimbo zikaimbwa, jina la Rongo likasomwa kwa sauti na wajukuu. Watu walipotoka, Mzee Eruera alifika langoni akitembezwa na mabinti zake. Alivitazama vyombo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akachagua kopo la kijani. Kararaina akammiminia. Mzee akanawa mikono, akarusha maji kichwani, akanyoosha mikono amiminiwe tena, kisha tena, kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Mwanangu," alisema, "hapa kwenu maji ni mengi."

Kisha akapita, na mia mbili wakafuata.

Jua lilipokuwa juu, wageni walikuwa marae wakila, na mawifi wawili walirudi kukusanya. Huhana alihesabu huku akipakia kwenye buti.

"Arobaini na vitatu. Utavirudishaje?"

"Kama vinavyorudishwa."

"Havirudi vitupu."

"Najua."

"Arobaini na vitatu, wifi! Utaoka mpaka Krismasi. Halmashauri itakuuliza ulikuwa wapi."

Kararaina alikuwa ameshika kopo la kijani, akilitikisa matone ya mwisho kwenye nyasi. Aliligeuza akausoma tena ule utepe.

"Leonard alipenda keki ya tangawizi," alisema. "Sijui mwanawe anakula nini. Utaniulizia?"

"Mwulize mwenyewe, Diwani. Mnakaa meza moja."